Karata, Plickers, Kolibri au akili mnemba: kipi kianze katika darasa la lugha Uganda?

Tangu mtaala mpya wa sekondari ya chini uanze mwaka 2020, Kiswahili ni somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili. Shule nyingi zikajikuta na vipindi vingi kuliko walimu. Kando yake kuna Kifaransa, Kijerumani, Kiarabu na Kichina kwa wanaotaka. Pengo hilo la walimu limewavuta wenye kuuza: huyu ana miwani ya uhalisia pepe, yule ana programu ya mashindano, mwingine anaapa kwamba akili mnemba itafundisha yenyewe. Ulinganisho huu ni wa mwalimu au mkuu wa idara anayetakiwa kuchagua kimoja au viwili muhula huu, kwa mfuko wa shule ya kawaida.

Mwangaza wa skrini hautuambii mengi. Tunapima hivi: katika kipindi cha dakika 40, mwanafunzi mmoja anatamka sentensi ngapi, na nani anamwambia papo hapo kwamba amekosea? Baada ya hapo tunauliza jambo la pili: umeme au mtandao ukikatika dakika ya kumi, kipindi kinaendelea au kila mtu anaanza kupiga soga?

Tuchukue darasa la watu 60, ingawa wapo walimu watakaosema hilo ni darasa dogo. Toa dakika 8 za kupanga na kukusanya vifaa, zinabaki 32.

| Njia | Anachopata kila mwanafunzi | Kinachohitajika | Mtandao ukikatika |
|---|---|---|---|
| Karata za ngeli, vikundi 12 | Sentensi 19 hivi za mdomo | Manila, kalamu, chaki | Hakuna kinachobadilika |
| Plickers (chemsha bongo ya kuinua kadi) | Majibu 12 hadi 15, bila kutamka | Simu moja ya mwalimu, kadi 60 za karatasi | Kuna hatari ya kukwama |
| Kahoot (chemsha bongo ya mtandaoni), kompyuta 20 | Maswali 15 hivi, watatu kwa mashine | Maabara, projekta, intaneti | Mchezo unakufa |
| Kolibri (masomo bila intaneti), kompyuta 20 | Dakika 10 hivi za zoezi na sauti | Seva, ruta, visikizio | Inaendelea |
| Akili mnemba, simu moja | Sekunde 32 za kuongea | Simu, spika, bando | Inasimama |
| Miwani mitano ya kadibodi | Dakika 2 na nusu za kutazama | Simu tano zenye jiroskopu (kihisi cha kugeuka) | Sawa, kama video imeshapakuliwa |

Hesabu ya mstari wa kwanza ni rahisi. Zamu moja huchukua kama sekunde 20, kwa hiyo kikundi kina zamu 96 katika dakika 32. Gawanya kwa watu watano. Hata kikundi kikiwa kizito na zamu ikachukua sekunde 40, bado kila mmoja ametamka sentensi tisa, na hakuna mashine katika jedwali hili inayofikia hapo.

Karata za ngeli

Wanafunzi wengi wa Uganda wanajua mchezo wa karata wa Matatu, kwa hiyo huhitaji kufundisha kanuni upya. Badala ya shupaza, kopa, uru na pau, weka ngeli nne. Kila ngeli ina karata 13, zenye namba 1 hadi 13 pembeni na nomino moja katikati. Orodha inayofanya kazi ni hii:

A-WA: mtu, mtoto, mwalimu, mwanafunzi, mkulima, dereva, daktari, ng'ombe, mbwa, kuku, samaki, kipepeo, kiongozi.
KI-VI: kitabu, kiti, kisu, kikombe, kijiko, kiatu, kitanda, kioo, kichwa, kidole, chumba, chakula, cheti.
U-I: mti, mkate, mto, mlango, mkono, mguu, mfuko, mwezi, mwaka, mchezo, mkeka, mtihani, msumari.
LI-YA: jino, jicho, jina, jiwe, embe, chungwa, nanasi, yai, ua, gari, soko, shamba, duka.

Kipepeo na kiongozi wamewekwa A-WA kwa makusudi, maana mwanafunzi akitazama kiambishi tu atasema "kipepeo hiki kimeruka" na ataokota karata mbili.

Wagawie karata tano tano badala ya saba, ili raundi iishe ndani ya dakika kumi. Anayecheza anaweka karata ya ngeli ileile au namba ileile na iliyo juu, kisha anatunga sentensi yenye nomino hiyo, kionyeshi na kitenzi. Sarafu inaamua umoja au wingi: upande wa ngao ya taifa ni umoja, upande wa pili ni wingi. Mfano: ametupa sarafu ikatoka wingi, ameweka "jino", anasema "meno haya yanauma". Akisema "majino haya" au "meno hizi", anarudisha karata yake mkononi na kuongeza mbili. Namba 2 humwokotesha mbili anayefuata, 8 humruka, 1 inachukua nafasi ya ree na hubadilisha ngeli. Mtu wa tano hachezi raundi hiyo. Anashika karatasi ya majibu na ndiye mwamuzi. Zamu ya uamuzi huzunguka, na mara nyingi mwamuzi ndiye anayejifunza zaidi, kwa sababu lazima asikilize kila sentensi. (Ukimtoa mwamuzi katika hesabu, wanaocheza wanapata sentensi 24 kila mmoja katika muda huo.)

Vifaa: karata ya sentimita 6 kwa 9. Karatasi moja ya manila ya ukubwa wa A1 inatoa karata 81, yaani seti nzima ya 52 na akiba. Kwa vikundi 12 nunua karatasi 12. Usitumie kalamu za wino mzito kwenye manila nyepesi ya rangi ya njano au waridi: wino unatokea upande wa pili, na wachezaji wanasoma mkono wa mwenzao kwa mgongo wa karata. Chagua bluu iliyokolea au kijani, au andika kwa kalamu ya kawaida na ukoleze mara mbili. Kama shule ina uwezo, peleka faili moja Nasser Road, Kampala, uchapishiwe kwenye kadi nene. Andika namba ya kikundi nyuma ya kila karata. Bila hiyo, muhula wa pili utakuwa na seti kumi na mbili zenye karata 49 kila moja na hutajua ipi ya nani.

Kinachoharibu mchezo huu ni uvivu wa sentensi. Kikundi kikigundua kwamba "imepotea" inafaa kila kitu, kila kitu kitapotea: kitabu hiki kimepotea, mto huu umepotea, ng'ombe huyu amepotea. Andika vitenzi vitatu ubaoni kila baada ya dakika nane na uvifute vya zamani. Tatizo la pili ni kelele. Vikundi 12 vinasikika hadi ofisi ya mkuu wa shule, na jirani yako wa Hisabati ana haki ya kulalamika. Nusu ya vikundi ikae chini ya mwembe.

Darasa la Kampala au Jinja na darasa la Soroti au Gulu hayaanzi mahali pamoja. Anayesema Luganda, Lusoga au Runyankole ana ngeli kichwani tayari. Ekitabo na ebitabo vimemfungulia mlango wa kitabu na vitabu. Ateso, Kiacholi na Kilango hazina mfumo huo. Huko anza na A-WA na KI-VI peke yake, nomino 26, mara mbili mbili zifike 52, na uongeze ngeli ya tatu baada ya wiki chache. Ukileta zote nne siku ya kwanza, wanafunzi watakisia tu.

Kwa Kijerumani mgawanyo unajipa wenyewe: der, die, das na wingi. Kwa Kifaransa tumia nomino za kiume na za kike, umoja na wingi, na ulazimishe kivumishi katika kila sentensi, kwa sababu bila kivumishi jinsia haitasikika vya kutosha.

Plickers na Kahoot: usizipime kwa furaha ya darasa

Zote mbili ni chemsha bongo ya majibu ya kuchagua. Tofauti ni nani anashika kifaa. Kahoot, iliyozaliwa Norway na kutoka mwaka 2013, inataka kila mwanafunzi au kikundi kiwe na skrini yenye intaneti. Plickers inataka simu moja tu, ya mwalimu. Mwanafunzi anainua kadi ya karatasi yenye alama nyeusi, na upande anaouweka juu ndio jibu lake, A, B, C au D. Shule nyingi za Uganda hazimruhusu mwanafunzi kushika simu, kwa hiyo nje ya maabara ya kompyuta shindano hili limeshaamuliwa kabla halijaanza.

Kuanzisha Plickers: fungua akaunti, andika darasa kwa namba badala ya majina, pakua kadi na uzichapishe. Seti ya kawaida ina kadi 40, ile kubwa ina 63. Darasa likizidi 63, wape wawili wa dawati moja kadi moja, jambo ambalo si hasara kwani watabishana kabla ya kuinua. Zibandike kwenye majalada magumu ya madaftari ya zamani. Usizivike plastiki inayong'aa, kwa sababu mwanga ukigonga plastiki kamera inapofuka. Jambo lingine: simama dirisha likiwa nyuma yako wewe, si nyuma ya wanafunzi, la sivyo kadi zote zinakuwa kivuli. Waambie washike kadi kwa kingo za nje, maana kidole kikifunika pembe ya alama, simu haisomi. Darasa refu linahitaji toleo la kadi kubwa kwa wanaokaa nyuma. Akaunti ya bure inaweka kikomo cha maswali matano kwa kila seti, nawe unazunguka kikomo hicho kwa kutengeneza seti tatu ndogo.

Swali zuri ndilo linaloamua thamani ya chombo. Chukua makosa halisi kwenye madaftari yao na uyafanye majibu ya uongo:

Vitabu ____ mezani. A. iko B. viko C. ziko D. yako

Nusu ya darasa ikichagua C, umejua kwamba wanauweka wingi wote katika I-ZI. Hapo usitoe jibu. Wape dakika moja wazungumze na jirani, kila mmoja amshawishi mwenzake, kisha wapige kura tena. Utaratibu huu ulienezwa na Eric Mazur wa Harvard kuanzia miaka ya 1990 katika Fizikia, na kwa lugha unafaa zaidi, kwa sababu ubishi wenyewe ni mazoezi ya kuongea. Ukiuacha, Plickers inabaki mchezo wa kimya.

Kahoot ina ladha kali zaidi: muziki, rangi, orodha ya washindi. Ina pia kasoro moja ya kimsingi kwa lugha. Alama zake za kawaida huongezeka kadiri unavyojibu haraka, kwa hiyo anayesoma sentensi hadi mwisho anashindwa na anayebahatisha. Ongeza muda wa kila swali kutoka sekunde 20 hadi 60, na utumie mchezo wa timu ili watatu wa mashine moja wakubaliane. Swali lisizidi herufi 120, na kila jibu lisizidi 75. Sentensi ndefu za ufahamu haziingii, basi usijaribu kuzibana. Toleo la bure lina kikomo cha washiriki ambacho hubadilika, na ni vizuri kukiangalia siku ile ya kupanga kipindi.

Wayground, ambayo hadi 2025 iliitwa Quizizz, nayo ina njia ya kadi za karatasi inayofanana na Plickers. Kama shule tayari inaitumia, hakuna sababu ya kuhama.

Kolibri: kazi nyingi mwanzoni, usingizi mwema baadaye

Hapa ndipo shule yenye maabara inapaswa kutulia na kufikiri. Kolibri ni programu ya bure ya Learning Equality. Unaiweka kwenye kompyuta moja, inakuwa seva, na vifaa vingine vinaifikia kwa ruta bila intaneti yoyote. Inabeba video, MP3, vitabu vya PDF na EPUB, na mazoezi ya H5P, yaani yale ambayo mwanafunzi huyajibu kwenye skrini. Maudhui ya lugha ya kigeni kwa kiwango cha Uganda utayatengeneza mwenyewe kwa sehemu kubwa, na watu wengi hulisahau hilo wanaposikia neno "bure".

Hatua ni hizi. Sakinisha Kolibri kwenye Windows. Rekodi sauti za maneno na mazungumzo, hifadhi kama MP3 ya mono ya kilobiti 64; kila dakika ni takriban nusu megabaiti, kwa hiyo maneno 100 ya sekunde tatu tatu hayafiki megabaiti 3. Rekodi zilizotumwa kwa WhatsApp hazina umbo hilo, zibadilishe kwanza kwa programu ya Audacity. Tengeneza mazoezi ya imla na ya kuburuta maneno kwa programu ya Lumi, ambayo hufanya kazi bila mtandao. Pakia yote kwenye tovuti ya Kolibri Studio ukiwa mahali penye intaneti nzuri, kisha uyaingize kwenye seva. Ukishayaingiza mara moja, unaweza kuyanakili kwa flashi kwenda shule nyingine. Wanafunzi wanafungua kivinjari na kuandika anwani ya seva ikifuatwa na :8080.

Yanayokwamisha yanajulikana. Kompyuta za wanafunzi haziioni seva: ukuta wa moto wa Windows umezuia, ruhusu Kolibri kwenye mtandao binafsi. Leo anwani ni hii, kesho nyingine: ingia kwenye ruta uifungie seva anwani moja. Kila mtu anatolewa ghafla katikati ya zoezi: mtu amefunika kompyuta mpakato iliyo seva na imelala, zima usingizi katika mipangilio ya umeme. Sauti haitoki kwenye baadhi ya skrini: baadhi ya maabara zilijengwa kwa mfumo wa kompyuta moja kuu inayogawa skrini kadhaa, na mifumo hiyo husumbua kwenye sauti. Ijaribu skrini moja moja kabla hujanunua visikizio 20. Kigawanya tundu cha milimita 3.5 kinawapa wawili sauti moja.

Zoezi la H5P la kutamka maneno, ambalo walimu wa lugha hulipenda wakiliona kwenye maonyesho, halitafanya kazi hapa. Linategemea utambuzi wa sauti wa kivinjari cha Chrome, ambao hupeleka sauti kwenye seva za mbali. Bila intaneti ni kitufe kisichojibu.

Palipo na umeme wa kusuasua, weka Kolibri kwenye Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo sana. Inakula wati 5 au 6 kwa kazi ya kawaida. Pawa benki ya mAh 20,000 inabeba takriban Wh 74 kwa maandishi, na kiasi kinachofika ni kidogo kuliko hicho, lakini siku ya shule inapita. Chagua pawa benki inayotoa ampea 3 kwa volti 5, kwa sababu ile ya ampea 2 itaonyesha alama ya radi kwenye skrini na kifaa kitajizima bila taarifa. Izime kwa amri, usichomoe waya. Kadi ya kumbukumbu huharibika kwa njia hiyo kuliko nyingine yoyote. Weka nakala ya kadi nzima kwenye droo. Wi-Fi ya ndani ya Pi haiwezi kubeba darasa, tumia ruta ya nje yenye chanzo chake cha umeme.

Akili mnemba

ChatGPT ilipotoka Novemba 2022 ilijibu kwa maandishi tu. Leo yeye na wenzake wanaongea. Kwa mwanafunzi mmoja mwenye simu na bando, hakuna chombo katika orodha hii kinachomzidi kwa mazungumzo. Kwa darasa la 60 ni sekunde 32 kwa mtu, na hapo tatizo si teknolojia, ni foleni.

Kuna mpango unaofaa: kikundi kimoja cha watu watano kikae na simu kona moja huku wengine wakicheza karata. Kila mmoja anapata dakika sita. Vikundi 12 vitazunguka katika vipindi 12. Agizo ulitoe mwalimu, si mwanafunzi, na liwe na mipaka. Kwa Kifaransa, kwa mfano:

"Wewe ni muuza nguo sokoni Bukavu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa Kifaransa. Ongea Kifaransa tu. Sema sentensi moja isiyozidi maneno manane, kisha ningoje. Nikikosea, rudia sentensi yangu ikiwa sahihi mara moja, bila maelezo. Usinisifu."

Usiondoe mstari wa mwisho. Programu hizi zina mazoea ya kusifu kila kitu, na mwanafunzi anayeambiwa "vizuri sana" baada ya sentensi mbovu ameharibiwa.

Kasoro iliyojificha zaidi iko kwenye usikilizaji. Programu inayogeuza sauti kuwa maneno hukisia sentensi inayoelekea kuwa sahihi. Mwanafunzi akisema "kitabu yangu", mashine inaweza kuandika "kitabu changu" na kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwa hiyo isichukuliwe kama mtahini wa matamshi wala wa upatanisho wa kisarufi. Kabla ya kuiamini kwa Kiswahili, ipe mtihani mdogo: iombe wingi wa ua jekundu, ufunguo huu, jicho lile, ukuta mrefu, rafiki yangu, kiongozi yule. Ikikosea mawili, itumie kwa mazungumzo tu, usiiulize sarufi.

Kuhusu gharama, usikubali makisio ya mtu. Fungua mipangilio ya simu, andika data ambayo programu hiyo imetumia, ongea nayo dakika kumi, angalia tena. Zidisha kwa vipindi vya muhula. Kumbuka kwamba tangu Julai 2021 data ina ushuru wa asilimia 12 ndani ya bei yake, na kwamba Januari 2021 intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa wakati wa uchaguzi. Mpango wa muhula usioweza kuishi siku tano bila mtandao si mpango.

Masharti ya ChatGPT yanataka mtumiaji awe na miaka 13, na ruhusa ya mzazi hadi 18. Kidato cha kwanza kina watoto wa 12. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kwa taarifa za mtoto. Akaunti iwe ya mwalimu, majina halisi yasitajwe, na barua kwa wazazi itangulie.

Mahali ambapo akili mnemba inalipa bila ubishi ni dawati la mwalimu jioni: mazungumzo 10 ya sokoni, majibu ya uongo kwa Plickers, hadithi fupi yenye maneno 40 ya sura ya tatu. Soma kila mstari kabla ya kuchapisha. Kwa maelekezo ya lugha za nyumbani, Sunbird AI ya Kampala imejenga tafsiri za Luganda, Kiacholi, Ateso, Lugbara na Runyankole, na zinasaidia mwanafunzi anayeanza kuelewa agizo la zoezi bila kupitia Kiingereza kigumu.

Miwani ya uhalisia pepe

Ikiwa mfadhili ameileta, ipokeeni. Msiinunue. Google ilizindua Cardboard, miwani ya kadibodi ya kuwekea simu, mwaka 2014, ikafunga programu yake ya safari za darasani, Expeditions, Juni 2021, na shule zilizokuwa zimejenga masomo juu yake zikabaki na maboksi. Simu nyingi za bei nafuu hazina jiroskopu: fungua video ya nyuzi 360 YouTube, geuza mwili, picha isipogeuka, simu hiyo haifai. Miwani kamili kama Meta Quest inataka akaunti ya Meta, na Facebook imefungwa Uganda tangu Januari 2021, hivyo asiyeijaribu kwenye mtandao wa shule kabla ya kulipa anacheza bahati nasibu. Baadhi ya watoto hupata kizunguzungu ndani ya dakika chache.

Video ileile ya nyuzi 360, ikichezwa kwa projekta na mwanafunzi mmoja akiivuta kwa kipanya, inaleta lugha nyingi zaidi. Darasa linamwelekeza: geuka kushoto, panda juu, nyuma ya duka kuna nini? Aliyevaa miwani peke yake yuko kimya.

Duolingo, programu ya kozi za lugha, na AnkiDroid, ya kadi za kukariri, ni vya nyumbani. Duolingo ina Kiswahili tangu 2017, pamoja na Kifaransa, Kijerumani, Kiarabu na Kichina. Kozi ya Kiswahili inafundishwa kupitia Kiingereza, na sentensi zake hazifuati mada za mtaala wetu. AnkiDroid ni ya bure, hufanya kazi bila mtandao, na inafaa zaidi kwa mwalimu anayejiongezea msamiati kuliko kwa mtoto wa bweni. Punguza kadi mpya kutoka 20 kwa siku hadi 5, maana za marudio hulimbikizana haraka na mtu huacha wiki ya tatu.

Basi uanze na nini

Shule isiyo na maabara: karata na Plickers, kwa uwiano wa vipindi vitatu vya karata kwa kimoja cha Plickers. Shule yenye maabara na fundi anayepatikana: ongeza Kolibri, lakini mpe mwalimu mmoja likizo nzima ya kurekodi na kutengeneza mazoezi, na alipwe kwa kazi hiyo. Maabara bila fundi ni afadhali iendelee na karata hadi fundi apatikane. Akili mnemba iingie kama kona ya kikundi kimoja, baada ya karata kuzoeleka, ili darasa lisimsubiri mwenye simu.

Kuna jambo la mtihani pia. Katika UCE (cheti cha kidato cha nne) ya mtaala mpya, asilimia 20 hutokana na tathmini ya shuleni na 80 na mtihani wa mwisho, na maswali yake hutaka mwanafunzi atumie lugha kutatua hali fulani, asikariri. Chemsha bongo za kuchagua jibu hazimwandai kwa hilo peke yake. Kila baada ya raundi ya karata, mpe kila mmoja dakika tano aandike aya ya nomino sita alizocheza. Aya hizo ndizo utakazozikusanya kama ushahidi wa maendeleo.

Kabla hujafungua akaunti yoyote, fungua kwanza baruapepe ya idara. Mwalimu akihamishwa na akaunti ya Plickers ikawa kwenye baruapepe yake binafsi, maswali ya miaka miwili yameondoka naye. Nywila iandikwe kwenye daftari la mkuu wa taaluma, na faili za MP3 na H5P ziwe kwenye flashi mbili, moja maabara na nyingine ofisini.